Ke na Le

Jumatatu, ofisi ya ustawi wa jamii, Moshi mjini,
nilichapa malalamiko ya Mama Ndeanansia Mlay:
"Mume wangu ametekeleza familia tangu mwaka juzi."
Bwana Kinabo akasoma mara mbili, akavua miwani.
"Aikaruwa, huyu mume ulivyomwandika
anastahili kupewa ng'ombe."

Kidole kiliteleza tu.
Kwenye kibodi K na L ni majirani wa ukuta mmoja,
na ke na le zilipishana
kama watu wawili kwenye kijia cha migombani,
mmoja anapanda na ndoo ya maji kichwani,
mwingine anashuka mikono mitupu.
Tekeleza: uliahidi, ukatenda.
Telekeza: uliahidi, ukaenda.
Herufi ni zilezile, ukizihesabu zinatimia.
Aliyepungua ni mtu.

Mimi nilicheka. Mama Ndeanansia hakucheka.
Alikuwa kwenye benchi, kandambili zimejaa vumbi la Kiboriloni,
mtoto amelala mgongoni, mguu mmoja nje ya kanga.
Akauliza, "Hiyo karatasi ikiharibika, nalipia nyingine?"

Usiku neno halikuniacha.
Kamusi ya mwanangu imechanika mwishoni,
kurasa zake zinaishia kwenye *tegemea*.
Basi asili yake nikaitafuta jikoni.

Teleka: kuweka chungu motoni.
Labda, na wenye lugha wanisute wakitaka,
labda telekeza ilizaliwa hapo hapo mafigani:
mtu aliteleka,
akachochea kuni, akasema naja,
akatoka kumwitikia aliyebisha hodi
na hadi leo hajarudi.
Maji yakapungua, yakakauka.
Maharage yakashika chini.
Watoto wakaketi wakikitazama kifuniko,
maana waliambiwa chakula kiko jikoni,
na hawakudanganywa.
Mpaka nyumba nzima ikanuka
jina la mji wetu.

Ushahidi sina. Lakini tangu usiku ule
kila nikilitamka neno hili nasikia sufuria inaungua.

Wala kutelekeza si kuchukia.
Anayechukia hurudi, japo kuja kutukana.
Si kusahau pia; msahaulifu ukimgusa bega hushtuka,
hupiga paji la uso, hukimbia.
Huyu wetu anajua jiko lilipo,
anajua kuni ngapi ziliwashwa,
harufu imemfikia pale alipo,
naye anavuta kiti karibu zaidi na mazungumzo.

Nikaona nimelikamata. Nikatafuta kalamu niliandike hilo.
Simu ikawaka mezani: *Mama, Uru.*
Nikaigeuza kifudifudi.
Nitampigia kesho.

Kesho hiyo ilikuwa na majuma sita.

Najua anachotaka, si kingi.
Mfongo unaopita juu ya kihamba umezibwa na tope na majani,
maji yanageukia kwa jirani,
kahawa ya upande wa bondeni imekuwa kuni zilizosimama.
Vijana wawili, majembe mawili, siku moja.
Fedha yao ni ndogo kuliko vocha ninayomalizia
kuwaeleza watu kwamba nina kazi nyingi.

Pasaka, tukiwa uani, nilimshika mkono nikamwambia,
"Mama, nitatekeleza."
Naye, ambaye Kiswahili kilimfikia ukubwani,
kimepita kwanza sokoni na kanisani,
akatikisa kichwa taratibu, akaridhika:
"Haya mwanangu. Utatelekeza."

Wajukuu wakaangua kicheko.
Na mimi, karani wa serikali,
nikamsahihisha.